Mfuko wa tumboni unadumu siku ngapi kwenye joto la Dodoma?

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua bado haijashuka, vumbi limetanda mji mzima. Mama mmoja kutoka vijiji vya Bahi aliingia kliniki ya upasuaji, akachagua benchi la mwisho karibu na mlango, akakaa mbali na wenzake. Zamu yake ilipofika alifungua taratibu: kitenge, kanga, kipande cha shuka kilichokunjwa mara nne, halafu kifungashio cha sukari kilichobanwa kiunoni kwa uzi. Chini ya hivyo vyote lilikuwepo tundu lake la tumboni, jekundu, lenye unyevu, zima kabisa. Kilichoharibika ni ngozi ya pembeni. Sehemu yenye upana wa kiganja ilikuwa imechubuka ikabaki nyama mbichi, na juu yake alikuwa amenyunyiza unga wa sembe ili kukausha majimaji.

"Nesi, huu utumbo wenyewe hauniumi," aliniambia. "Kinachoninyima usingizi ni hiki kidonda."

Alisema kweli. Tundu kama lake huitwa stoma: ni sehemu ya utumbo, au njia ya mkojo, iliyotolewa nje kupitia ukuta wa tumbo ili taka zipite hapo na kuingia kwenye mfuko unaobandikwa tumboni. Ya utumbo mpana tunaiita kolostomi, ya utumbo mwembamba ileostomi, na ya mkojo urostomi. Utando wake unafanana na ngozi laini ya ndani ya mdomo: una damu nyingi, hutoka damu kidogo ukifutwa kwa nguvu, lakini hauna neva za kuhisi maumivu kama ngozi. Mama huyu alikuwa na ileostomi, baada ya homa ya matumbo kuutoboa utumbo wake. Kinachotoka kwenye utumbo mwembamba bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula, na vikikaa kwenye ngozi vinaisaga kama vinavyosaga nyama aliyokula mtu.

Hospitali iliyomfanyia upasuaji ilimpa mifuko miwili na karatasi moja ya maelekezo iliyofifia kwa kurudufiwa. Mfuko wa kwanza ulikaa siku tatu. Wa pili akauhifadhi kwa ajili ya siku ya kutoka, akauvaa kwenda msibani, nao ukabanduka jasho lilipomzidi akiwa amekaa chini kwenye jamvi na wanawake wenzake. Tangu siku hiyo hakwenda tena msibani, wala kanisani, wala kisimani wakati watu wapo.

Alitaka kujua jambo moja tu: anunue mifuko mingapi kwa mwezi? Mimi nafundisha uuguzi na nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, na sikuwa na jibu lililopimwa kwa mtu kama yeye. Idadi ya siku inayoandikwa vitabuni imetoka kwa watu wanaokaa kwenye viti, wanaooga kwa maji ya bomba na kulala kwenye vyumba vyenye hewa ya ubaridi. Hakuna kati yao aliyechota maji kwa ndoo kichwani saa saba mchana mwezi Novemba. Nikamwambia nililoweza kumwambia, akaitikia kwa heshima. Nilijua nimembahatishia, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Tafiti za kupima mambo kama haya ni kazi ya wauguzi, na zinahitaji fedha.

Wanaoona jambo hili kuwa dogo wakumbuke mfuko wenyewe ulikotoka. Mwaka 1954 huko Denmark, muuguzi Elise Sørensen alimwona dada yake Thora, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa stoma, akiogopa kutoka nje ya nyumba kwa hofu ya kuvuja. Ndipo akabuni mfuko wenye gundi, unaobandikwa kwenye ngozi na kutupwa ukishatumika. Marekani nako, Norma Gill, mama aliyekuwa na ileostomi mwilini mwake, alianza kazi hospitali ya Cleveland Clinic pamoja na daktari mpasuaji Rupert Turnbull mwaka 1958, na mwaka 1961 wakawa na mafunzo rasmi ya watu wa kuhudumia wenye stoma. Hata kinga ya ngozi waliyoitumia wakati ule ilikuwa utomvu wa mti wa karaya kutoka India. Huku kwetu utomvu wa migunga unachumwa na kuuzwa Singida na Dodoma. Sisemi mtu aupake kwenye kidonda, la hasha. Nasema ni swali halali la maabara, na kwa kuwa miti ni yetu, sisi ndio tuliopaswa kuliuliza kwanza.

Swali jingine liko mwilini kabisa. Kabla ya upasuaji uliopangwa, muuguzi humkalisha mgonjwa, humsimamisha, humwinamisha, kisha huweka alama ya kalamu mahali ambapo tundu litakaa vizuri, mbali na mikunjo ya tumbo na mahali anapoweza kupaona mwenyewe. Maelekezo ya nje yanasisitiza kukwepa mstari wa mkanda wa suruali. Ni sahihi kwa mwenye suruali. Lakini mama wa Mpwapwa anafunga kanga, na fundo lake linakaa mahali pake maalumu. Anabeba mtoto kwa mbeleko, na ncha zake hupita juu ya tumbo. Anapalilia akiwa ameinama nusu siku, anapepeta mtama akiwa amekaa miguu imenyooka mbele. Mimi sasa nawaambia wanafunzi wangu wamwombe mgonjwa aje na kanga yake na jembe lake wodini, ainame kama anavyoinama shambani, ndipo waweke alama. Wengine hucheka mara ya kwanza. Wakishaona tumbo lilivyojikunja pale walipotaka kuweka alama, hawacheki tena. Je, alama iliyowekwa hivyo inapunguza kuvuja? Naamini inapunguza, lakini imani yangu haitoshi kuwa mwongozo wa nchi. Ipimwe.

Chakula nacho. Vijitabu vinavyokuja na mifuko huonya kuhusu uyoga na mboga ambazo bibi yangu hakuwahi kuziona. Tunajua kwamba mwenye ileostomi akila karanga au mahindi ya kuchoma bila kutafuna vizuri, utumbo unaweza kuziba. Lakini mlenda? Ugali wa uwele? Majani ya kunde yaliyokaushwa? Hivi ndivyo vyakula vya Wagogo mwaka mzima, na watu wanaviacha kwa woga, wanakonda. Ukipima kinachotoka kwenye mfuko kwa wiki mbili, wiki moja kwa mlenda na nyingine bila mlenda, utakuwa na jambo la kumwambia mtu.

Sasa fedha. Utafiti wa namna hii hauhitaji mashine ya mabilioni. Chukua wagonjwa 40, uwafuatilie wiki 12, kila mmoja apewe mifuko 2 kwa wiki: ni mifuko 960. Ongeza nauli ya Kondoa, Kongwa na Mpwapwa kuja mjini na kurudi, vocha za kuwapigia simu, kupiga chapa madodoso, malipo ya mtakwimu na gharama za kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hushughulikiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Halafu weka fungu ambalo wafadhili husahau: mshahara wa muuguzi atakayeshika zamu wakati mwenzake yuko kwenye utafiti. Bila fungu hilo, wazo zuri hufia wodini saa nane za usiku, penye muuguzi mmoja na wagonjwa wengi. Nimeona mawazo ya aina hiyo yakifa.

Kuna na tabia nyingine niitaje waziwazi. Mara nyingi muuguzi huitwa kwenye utafiti ajaze fomu na kuchukua vipimo, wakati swali limeshaamuliwa na wengine. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ni ya wauguzi pia, na vivyo hivyo fedha za ndani za vyuo vyetu. Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Katika asilimia hiyo, andiko la muuguzi kuhusu ngozi ya mwenye stoma listahili kusomwa kwa uzito ule ule.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Anayepanga kitita cha mafao anahitaji namba: mtu mmoja anatumia mifuko mingapi kwa mwezi, na akikosa anarudi hospitali mara ngapi na ngozi iliyooza. Namba hizo ziko miilini mwa wagonjwa wetu, na anayewaona kila wiki ni muuguzi.

Na wagonjwa wenyewe wakae mezani wakati wa kupanga maswali. Uingereza wana utaratibu huo tangu mwaka 2004, kupitia James Lind Alliance, ambako wagonjwa na wahudumu huorodhesha pamoja mambo ya kutafitiwa kwanza. Hapa tunaweza kufanya hivyo chini ya mti wa kliniki. Baba mmoja wa Kondoa aliniuliza kuhusu udhu kabla hata hajauliza kuhusu kula. Masheikh wameshaeleza hukumu ya mwenye udhuru, anayetawadha kwa kila swala, lakini hakuna aliyemwambia kabla hajaruhusiwa, akakaa miezi bila kwenda msikitini. Swali lake la kwanza si lile ambalo mimi ningeliandika la kwanza.

Wakati tunatafuta fedha hizo, yako mambo yasiyosubiri. Osha ngozi kwa maji safi ya uvuguvugu, ukaushe kwa kugusagusa. Mafuta na poda huzuia gundi kushika. Pima tundu lako upya kila wiki katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa sababu linanywea, na ukate shimo la bamba la kunata likizidi tundu kwa milimita 2 au 3 tu. Mwaga mfuko ukijaa theluthi, usingoje uwe mzito. Ukiona tundu limekuwa jeusi au la zambarau iliyokolea, au hakitoki kitu huku tumbo linauma na unatapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye ileostomi anayetoa majimaji mengi kuliko kawaida anywe maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS, na aje tumwone mapema, maana kwenye joto letu upungufu wa maji hauchelewi.

Yule mama wa Bahi tulimtibu ngozi kwa mifuko iliyokatwa kwa kipimo chake. Baada ya wiki tatu alirudi, akakaa benchi la mbele.

Kwa wenzake wote wenye tundu la tumboni, mkoani Dodoma na Singida, nina ombi. Nunua daftari dogo. Andika tarehe uliyovaa mfuko na tarehe ulipobanduka, na mahali ulipoanzia kuvuja, juu au chini. Andika ulikuwa unafanya nini saa ile: unalima, umelala, uko kwenye daladala, umekaa jamvini. Kama huandiki, mwambie mjukuu akuandikie. Njoo nalo kliniki, mpe muuguzi, umwambie alifungue mbele yako.