Ati mashini na boda zinatosha? Uongo na ukweli wa kuchomelea kwa kuzunguka Kisumu

Kila mara kuna kijana anataka kuchomelea kwa kuzunguka kwa wateja, anadhani mashini na boda ya kuibeba zinatosha, na ananiuliza anunue mashini gani, lakini bado sijapata hata mmoja wa kuniuliza genereta gani, na hapo ndo pesa yake itaenda kulia. Mimi mwenyewe ni fundi wa kuzunguka na genereta kutoka Kondele mpaka Ahero na huko Muhoroni kwa miwa, wacha niseme zile stori nasikia sana.

Kubwa yao ni hii ya ampia, ile nguvu ya moto wa mashini. Mtu anaona inveta, hizi mashini ndogo nyepesi za kuchomelea, imeandikwa 300 kwa boksi anasema hii sasa ndo baba yao. Sawa, lakini kazi ya mtaa ni nini? Ni grili, keria ya boda, stendi ya tangi, geti la skwea tyubu geji 16. Chuma chembamba hivyo kinataka rodi geji 12, ile ya milimita 2.5, na ampia kama 60 mpaka 80, ukipandisha unatoboa mashimo halafu unaanza kuziba makosa yako mwenyewe. Sasa piga hesabu. Ampia 80 na volti kama 23 kwa ule moto wa rodi ni wati 1,840, mashini nayo inapoteza kiasi, tena hizi inveta za bei ya chini huvuta umeme vibaya, kwa hivyo genereta inabeba kVA 3 na kitu (kVA ndo kipimo cha nguvu ya genereta). Huyo wa 300 utampata na kagenereta ka kVA 2, taa inawaka vizuri, redio inaimba, akigusa tu chuma rodi inanata na injini inazima mbele ya mteja. Ukitaka rodi nene ya geji 10 kwa ampia 130 ongea mambo ya kVA 5 na nusu kupanda. Nunua genereta kwanza kisha utafute mashini ambayo hiyo genereta inaiweza.

"Si nitatumia stima ya mteja." Utatumia, ikikuwa hakuna blakauti. Soketi ya nyumba ni ya ampia 13, na ukivuta ekstensheni ya waya mwembamba mita 50 volti zinashuka njiani unabaki kulaumu rodi. Hiyo ekstensheni uikunjue yote, ikibaki imeviringwa inapata joto mpaka inayeyuka. Halafu kuna mwenye nyumba atasimama kwa mita akiangalia tokeni kama ndo unamwibia, mwambie tu nusu saa ya moto wenyewe ni kama uniti moja na kidogo.

Ingine ni ati wewe hulipi kodi ya duka kwa hivyo uko na bei ya chini. Hapa nilijifunza kwa uchungu. Nilipigiwa simu nikaambiwa treila ya miwa iko na ufa kidogo tu, nikapakia genereta kwa tuktuk mpaka stegi, nikapanda gari, kufika napata treila bado imebeba mzigo na ati tungoje ishushwe. Nilikaa mpaka saa tisa. Kazi yenyewe ilikula rodi nne, na jamaa akanilipa za rodi nne! Tangu hiyo siku nataka picha kwa WhatsApp na pesa ya kufika kwa M-Pesa kabla sijafunga kamba ya genereta, asiyetaka aende kwa mafundi wa soko la Kibuye abebe hiyo treila kichwani. Muda wa barabara ni kazi.

Mambo ya karatasi nitapita haraka. Kutokuwa na kibanda hakukutoi kwa kibali cha biashara, kaunti hutoza hata anayezunguka. Na ushuru wa mauzo ni asilimia 3 tangu Julai 2023, ukipitisha milioni 1 kwa mwaka. Sheria inasema mauzo, si faida, kwa hivyo geti la watu likinunuliwa chuma kupitia simu yako hiyo chuma yote ni mauzo yako. Afadhali mteja alipe hadwea mwenyewe. Kama hukusomea, gredi testi ya NITA, ule mtihani wa ufundi wa serikali, unaweza kufanya na ujuzi wa mkono tu, na kazi za shule na kanisa mara nyingi wanaulizia hiyo cheti.

Sasa maziwa. Jamani. Kila fundi mzee atakuambia kunywa pakiti ya maziwa jioni inaosha moshi, lakini maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwa mapafu, hayo mawili yatakutana wapi? Watu wa saratani wa WHO waliweka moshi wa kuchomelea kwa kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani mwaka wa 2017. Na ile mabati au bomba yenye zinki, ukiichoma bila kusaga hiyo ngozi juu, usiku unapata homa na kutetemeka, na kwa sababu ni Kisumu unakimbilia dawa ya malaria. Pima kwanza, na umwambie daktari ulikuwa unachoma nini. Saga zinki na grinda, barakoa ikiwa usoni, simama upande upepo unatoka.

Miwani ya jua pia si maski. Kioo cha maski ni namba 10 au 11 kwa weusi, ukichoma bila hicho macho huwa hayaumi hapo hapo, yanangoja usiku ndo unahisi mchanga.

Na drumu "tupu". Drumu iliyokuwa na petroli, dizeli ama thina haiko tupu hata kama umeigeuza na kuianika jua wiki nzima, mvuke umejificha kwa mishono, na moto ukiingia inalipuka na mfuniko unaruka na mtu. Tangi la pikipiki ni hivyo hivyo. Mimi sigusi, mteja akasirike aite mwingine, na huyo mwingine nikimjua nampigia simu kabla afike.