Nina pumu: kwa nini nisimeze propranololi ya jirani?

Swali: Niko Chamwino, nina pumu. Upepo wa Julai ukianza kutimua vumbi, inhela ya salbutamoli haikai mbali nami. Jana nilivuta mara nyingi, moyo ukaenda mbio. Jirani akanipa vidonge vyake vya propranololi, dawa ya moyo. Nimevishika, sijameza.

Usimeze, dada. Vinaweza kukubana kifua vibaya.

Misuli inayozunguka njia za hewa ina protini ziitwazo vipokezi. Kila kipokezi ni mnyororo uliojikunja, ukapenya utando wa seli mara 7, na ndani ya mkunjo huo kukabaki kishimo. Adrenalini, homoni ya mwili wako, ikitua humo, kipokezi hubadilika umbo kidogo, ujumbe huingia ndani ya seli, msuli hulegea, unapumua. Salbutamoli imeundwa ikifanana na adrenalini, kwa hiyo nayo hutua na kukiamsha kipokezi.

Propranololi huingia kishimo kilekile, ila haikiamshi. Hukikalia tu. Hapo adrenalini inakosa pa kutua, na inhela yako unayoitegemea inavutwa bila nafuu ya kutosha.

Swali: Lakini si dawa ya moyo?

Ni ya moyo, ndiyo. Kwenye moyo vimejaa vipokezi vya beta 1, kwenye njia za hewa beta 2. Ni ndugu wa karibu na vishimo vyao vinafanana mno, hivyo propranololi inaviziba vyote. Atenololi, dawa nyingine ya kundi hilo, huegemea zaidi beta 1, lakini kadiri dozi inavyopanda ndivyo inavyogusa na mapafu. Salbutamoli huegemea beta 2, kwa kuwa upande wake mmoja una kishada kinene kinachokaa vizuri zaidi humo. Hata hivyo ukiivuta mara nyingi hufika hadi kwenye moyo, na mikono hutetemeka kwa sababu misuli yake nayo ina beta 2. Huenda mbio za jana zilitokana na inhela yenyewe. Kuihitaji mara nyingi hivyo ni dalili kwamba pumu yako haijadhibitiwa, na hilo ndilo la kumweleza daktari.

Swali: Umbo dogo hivyo limeonekanaje?

Kwa kugandisha protini iwe fuwele na kuimulika kwa eksirei. Picha ya beta 2 ilitoka mwaka 2007, na mwaka 2012 Robert Lefkowitz na Brian Kobilka wa Marekani wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya vipokezi vya jamii hii.

Swali: Bibi yangu Kongwa ana pumu, na anameza propranololi kila siku. Aache leo?

Asiache ghafla! Moyo uliozibiwa vipokezi kwa muda mrefu huongeza vingine, na dawa ikikatika mara moja mapigo yanaweza kupaa kwa hatari. Mpelekeni kituo cha afya leo hii na pakiti zake zote, wambadilishie kwa utaratibu. Akiwa anashindwa hata kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, msisubiri foleni: ni dharura.