Je, wajua? Memori ikiisha Linux inaweza kuua databesi, hata kama aliyeimaliza ni mwengine

Mwaka mzima nilikuwa naamini Postgres, programu yangu ya databesi, ndo mkorofi. Seva ya duka moja la Darajani, RAM giga 2, kila jioni wateja wakijaa databesi inadondoka, na mie naiwasha tena huku nailaani, mara nibadilishe toleo, mara niseme inavuja memori. Kumbe ilikuwa inauliwa! Siku niliyofungua dmesg, yaani daftari la ujumbe wa kerneli (moyo wa Linux), ndo nikakuta Out of memory: Killed process, mbele yake jina la postgres, na aliyemaliza memori khasa alikuwa kijiprogramu cha kupunguza picha za vitambaa.

Sasa mbona auliwe asiyekosa? Chukua harusi. Mwenye shughuli katoa kadi 300 na wali kapika wa watu 200, anajua wengine hawaji. Linux nayo hivyohivyo, programu ikiomba memori inaambiwa haya, chukua, ilhali memori yenyewe haijatoka, inatoka pale inapoguswa. Siku nyingi mambo yanakwenda. Siku wakija wote, wali ukamalizika, kerneli haimsaki aliyezamia mwisho, inatazama nani kakalia sinia kubwa, huyo ndo anatolewa, kwa sababu akiondoka yeye tu nafasi inapatikana nyingi. Na databesi kukalia sinia kubwa ndo kazi yake, kasi inaipata humo.

Kuna kuipa databesi oom_score_adj, alama ya nani auliwe kwanza, ya -1000, yaani umeifanya bwana harusi, haitolewi. Sawa, ila wali haujaongezeka, atatolewa mwengine, pengine programu yenyewe ya mauzo. Na ukilinda mzazi tu wa Postgres, yaani prosesi kuu inayozaa nyingine za kuhudumia wateja, mtoto mmoja akiuliwa mzazi anawafunga wote na kuanza upya, anaogopa memori wanayochangia imeharibika.

Mie napenda mpangilio wa Linux wa vm.overcommit_memory=2, na Postgres wenyewe wanaielekeza hiyo: kadi zisizidi wali. Memori ikikosekana kwri moja (ombi moja kwa databesi) inarudishiwa kosa, wengine wanaendelea, japo haikuhakikishii moja kwa moja. Tahadhari, overcommit_ratio, asilimia ya RAM inayoruhusiwa kuahidiwa, kwa kawaida ni 50, na seva yangu haina swapu (sehemu ya diski ya kusaidia RAM), basi ahadi zikakomea nusu ya RAM na programu zikaanza kukataliwa mchana kweupe. Nikaipandisha 80, nikashusha work_mem, memori ambayo Postgres inaruhusu kwa kazi kama kupanga data, maana kwri moja inaweza kuichukua mara kadhaa, na kile kijiprogramu cha picha nikakihamishia saa nane usiku.