Barua ya babu yako si hirizi: dhana potofu kuhusu karatasi za zamani za Tabora

Juzi tena nilifika Gongoni baada ya arobaini, nikaambiwa karatasi za marehemu zimeshafukiwa. "Zilikuwa za dini, mzee. Tuliogopa zisije zikakanyagwa." Kijana aliyezifukia ni mcha Mungu na nia yake ilikuwa njema. Nikamuuliza zilikuwaje. Akasema ni nyembamba, zimekunjwakunjwa, na nyingine zina hesabu pembeni. Msahafu gani una hesabu za kujumlisha pembeni?

Nakusanya kumbukumbu za mji huu kwa mapenzi, si kwa ajira, hasa za enzi za misafara: tangu wafanyabiashara wa pwani walipojenga Kazeh, chimbuko la Tabora ya leo, katikati ya karne ya 19 mpaka reli ilipoingia Tabora mwaka 1912. Hilo neno "ni za dini" nimelisikia kwa familia za Kimanyema, za Kinyamwezi, za Kiarabu na za watu wa pwani waliohamia huku. Nataka nilijibu kwa urefu. Dhana nyingine nitazigusa pia, ila hakuna iliyotupotezea karatasi nyingi kama hii.

"Imeandikwa Kiarabu, basi ni ya dini au ya uganga"

Herufi za Kiarabu si lugha ya Kiarabu. Kabla shule za Mjerumani hazijaeneza herufi za Kilatini, Mswahili aliyepita chuoni (madrasa) kwa mwalimu wake aliandika Kiswahili kwa herufi alizofundishwa. Aliandika deni, mkataba, talaka, mgawanyo wa shamba, posho ya msafara na malalamiko kwa liwali. Barua za Kiswahili za kale zaidi tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, na zimehifadhiwa Goa, India. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa misafara ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi hizo hizo, kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Wajerumani walipoingia pwani walikuta maliwali, maakida na majumbe wanaandikiana hivyo, na mwaka 1892 barua za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuchapwa kitabuni huko Ujerumani. Mjerumani alizitambua kuwa ni barua tangu wakati huo. Sisi wajukuu ndio tunazifukia.

Naelewa kosa linapoanzia. Barua ya kale haiingii kwenye jambo moja kwa moja. Inaanza na "ila jenabi" (kwa mheshimiwa), kisha sifa za mpokeaji, kisha dua ya afya na umri mrefu, yote kwa Kiarabu, mistari mitatu au minne. Jina la Mwenyezi Mungu limo. Anayejua kusoma Kurani anafungua, anakutana na mistari hiyo, anasema "bismillahi, hii ni dua", anaifunga kwa adabu. Angeshuka kidogo tu angekutana na "wabaadu" (ama baada ya hayo), na baada ya hapo ndipo Kiswahili kinapoanza: nakuarifu mzigo umewasili, wapagazi wawili wamekimbia njiani, merikani (kitambaa cha pamba) iliyobaki ni gora kadhaa, pembe za ndovu nimemkabidhi fulani, nijibu haraka.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu linafanywa na watu wanaoaminika. Karatasi inapelekwa kwa ustadhi. Ustadhi anajua Kiarabu chake vizuri. Anasoma, haelewi kitu, anasema, "Hiki si Kiarabu, sijui ni kitu gani." Familia inarudi nyumbani na hukumu: kama si Kiarabu na haieleweki, basi ni uganga, babu alikuwa na mambo yake. Karatasi inachomwa usiku ule ule.

Lakini ustadhi alisema kweli! Hakikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili, kimevaa nguo isiyomtosha. Kiarabu hakina p, hakina ch wala v, na irabu zake za kuandika ni tatu wakati zetu ni tano. Makarani wa zamani hawakujali sana. Herufi ba ilibeba b, p na mb kwa pamoja. Dali ikabeba d na nd. Ghaini ikabeba gh, g na ng. Irabu e na i zikawekewa alama moja. Chukua neno "pembe", bidhaa iliyojenga mji huu. Ukiliandika kwa desturi hiyo na kulisoma kwa macho ya Kiarabu, unapata "bibi". Sasa mweke mwalimu wa madrasa mbele ya hesabu ya deni inayosema Fulani anadaiwa bibi kumi na mbili, frasila (kipimo cha uzito cha zamani) kadhaa. Hata mimi ningeshtuka.

Dawa yake ni rahisi, nami huisisitiza kwa kila anayenisikiliza: kaeni watu wawili. Mmoja anayeweza kutamka herufi asome kwa sauti, polepole, bila kutafuta maana. Wa pili awe mzee anayejua Kiswahili cha zamani na majina ya vitu vya zamani, asitazame karatasi kabisa, asikilize tu. "Bibi... firasila... duti..." na mara mzee anadakia: "Pembe! Frasila! Doti!" Nimeona wazee wasiojua kusoma hata jina lao wakifungua barua kwa masikio kuliko wasomi kwa macho. Na mrekodi wakati wanafanya kazi hiyo, simu zenu zina nafasi.

Sisemi hirizi hazipo. Zipo, na zina sura yake. Mara nyingi utaona jedwali la vyumba vya mraba lenye tarakimu au herufi moja moja, jina au aya ile ile ikirudiwarudiwa, karatasi imekunjwa ikawa ndogo kama kidole ili iingie kwenye ngozi. Barua ina jina la anayepelekewa, mara nyingi hata kwa nje baada ya kukunjwa. Mwishoni ina jina la mwandishi na tarehe. Daftari la hesabu lina safu ya majina upande mmoja na tarakimu upande mwingine. Kurasa za msahafu zina irabu kamili juu na chini ya kila herufi, barua mara nyingi hazina irabu kamili namna hiyo. Huhitaji digrii kutofautisha. Unahitaji mwanga wa dirishani na subira ya nusu saa kabla ya kuchukua jembe.

Na ikiwa kweli ni ya dini? Bado soma kwanza. Watu waliandika tarehe za vizazi na vifo katika kurasa tupu za misahafu na vitabu vya maulidi. Kwa baadhi ya familia za Tabora hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya kuzaliwa iliyopo kabla ya vyeti vya serikali.

"Hii ni ramani ya mali ya Mjerumani"

Hii inanikasirisha kwa namna nyingine, kwa sababu inakuja na sururu. Mtu analeta karatasi ya Kijerumani yenye mistari na mihuri, anafunga mlango, ananong'ona. Ninazoletewa huwa ni kipande cha mchoro wa upimaji wa kiwanja, risiti ya kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, au ukurasa wa daftari la mishahara. Jiwe lenye alama ya msalaba ni bikoni, alama ya mpaka, ya mpima ardhi. Ukiling'oa hupati dhahabu, unapata kesi ya mpaka na jirani.

Uvumi una chembe ya kweli, ndiyo maana haufi. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikatia Tabora njia ya baharini, Wajerumani walifua hapa sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke. Zilikuwa takriban 16,000. Lakini sarafu hufuliwa ili zitumike, na hizo zilitumika kulipa watu mpaka Wabelgiji walipoingia mji Septemba ya mwaka huo huo. Leo ziko kwa wakusanyaji duniani kote. Wanaochimba kwenye misingi ya maboma na hata makaburini hawajatuletea sarafu, wametuharibia maboma na makaburi.

"Wazungu ndio walioifungua njia ya kuja huku"

Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walifika Kazeh Novemba 1857 na kukuta mji. Walipewa nyumba na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Oman, na walikuja kwa njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wakiipita kwenda pwani na kurudi. Baba yake Tippu Tip alikuwa amekwisha oa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Huo ni ukwe, na ukwe haufungwi na mtu aliyepotea njia. Ukitaka kuandika habari za waasisi wa Tabora, anza na nyumba za watemi, wafanyabiashara na wanyampara (viongozi wa wapagazi), halafu ndipo uje kwa wageni waliopita.

"Wapagazi wote walikuwa watumwa"

Hata walimu wanafundisha hivi. Watumwa walibeba mizigo, ni kweli, na uchungu wa njia ile hauna haja ya kupunguzwa. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, waliopatana malipo kwa doti za kitambaa kabla ya kunyanyua mzigo wa kilo 30 hivi, wakagoma posho ilipopunguzwa na wakamwacha tajiri porini alipovunja mapatano. Ukikuta orodha yenye majina na doti, usiandike juu yake "orodha ya watumwa" kabla hujasoma. Huenda ni karatasi ya mishahara ya babu yako.

"Karatasi ya uhuru ni aibu ya ukoo"

Hapa nazungumza kwa upole, kwa sababu najua inavyouma. Serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa moja kwa moja. Ilitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na utumwa haukukomeshwa kisheria Tanganyika mpaka 1922 chini ya Mwingereza. Hati hizo ziko katika masanduku ya watu, na baadhi ya watoto wanazichana ili wajukuu wasijue. Tafadhali msizichane. Aliyeihifadhi karatasi ile maisha yake yote, akaivusha vita na njaa, hakuiona aibu. Ilikuwa ushahidi wake kwamba hakuna wa kumdai. Kama hamtaki isomwe sasa, ifungeni kwenye bahasha, andikeni mwaka ambao ifunguliwe, ikabidhiwe mtu mnayemwamini.

"Barua hii ina miaka 700, imeandikwa 1309"

Ni mwaka wa Hijria. 1309 ulianza Agosti 1891. Kwa makadirio, gawa mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu kwenye mwaka huo huo, kisha jumlisha 622.

"Nyaraka zote za Mjerumani ziko Berlin"

Zilizokuwa za wizara yao ziko kwao. Majalada mengi ya serikali yao ya huku yako Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pale Upanga, pamoja na vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri (wakuu wa wilaya) wa Kiingereza waliandika habari za koo na watemi. Kikwazo ni mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ambao hata Wajerumani wa leo hutaabika kuusoma. Kwa maandiko ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wake wa miswada.

"Nimeilaminisha ili idumu"

Umeipika. Lamination inayeyusha plastiki ndani ya nyuzi za karatasi, na haitoki tena bila kuiharibu karatasi yenyewe. Selotepu nayo inageuka kahawia na kuacha gundi inayokula maandishi. Pini za chuma zinapata kutu, zitoeni.

Maji msiyasogeze kabisa. Wino wa masizi waliotumia waandishi wetu haupauki kwa miaka mingi, lakini kitambaa chenye unyevu kinaufuta kama kombe linavyooshwa sahanini. Vumbi litolewe kwa brashi laini, kavu. Karatasi iliyokunjwa ikikataa kufunguka msiilazimishe. Mpige picha mchana, pembeni ya dirisha, bila flashi, mbele na nyuma, na picha zikae kwa ndugu zaidi ya mmoja. Baada ya picha, karatasi yenyewe isitupwe, kwa sababu mikunjo, muhuri na aina ya karatasi vinasema mambo ambayo picha haisemi. Iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaotoa jasho, na sanduku liinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta, maana mchwa wa Tabora wanapanda kwa ukutani.

Na juu ya bahasha mwandike kwa penseli: ilikuwa ya nani, imetoka nyumba ipi, nani kaipokea, tarehe gani. Iwe penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya na kuchafua kilichomo ndani.