Je, wajua kwa nini kunguru wa Bagamoyo hawamwogopi kipanga?

Huko Wimbledon, Uingereza, asubuhi kabla watazamaji wa tenisi hawajafunguliwa milango, kipanga aitwaye Rufus hurushwa azunguke juu ya viwanja. Hatakiwi kuua njiwa, anatakiwa aonekane tu. Njiwa wakishazoea kuona mwindaji anapita pale, huhama na kutafuta pa kulala kwingine. Sumu haihitajiki, wala bunduki.

Basi mtu akikaa soko la samaki Bagamoyo, akaona kunguru walivyojaa, atajiuliza: kwa nini nasi tusilete kipanga?

Kwa sababu kunguru si njiwa. Njiwa akiona hatari hukimbia, kunguru huita wenzake. Mmoja akilia juu ya mnazi, mara wamefika kumi, wanamwandama mwewe angani, wanamdonoa mkia na kumzomea mpaka ashike njia yake. Sanamu ya bundi ndiyo kabisa. Siku mbili tatu wanaichunguza, wakishaona haisogei wanaigeuza kiti.

Tena huyu mwenye shingo ya kijivu ni mgeni. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji, kisha akaenea bara. Kwao India yuko ndege aitwaye koeli, anayetaga kwenye kiota cha kunguru na kumwachia kazi ya kulea. Koeli hakuja naye. Huku kunguru hulea wanawe bila bughudha hiyo, huku akila mayai ya ndege wengine na vifaranga wetu.

Kinachomleta sokoni ni matumbo ya samaki. Mtazame mpara samaki: anapasua kolekole, anatupa utumbo mchangani, na kabla hajageuza samaki upande wa pili, utumbo umeshapaa. Kwa maoni yangu, ndoo yenye mfuniko ingefanya kazi kubwa kuliko kipanga yeyote, na haihitaji kulishwa. Kinachofuata ni viota, ambavyo mara nyingi huwa na vipande vya waya ndani yake. Viangushwe kabla mayai hayajaanguliwa, na anayepanda avae kofia ngumu, maana watamshukia kichwani.

Upo pia mtego wa kizimba. Ndani huwekwa kunguru hai, chakula na maji. Wenzake wakimwona anakula huingia kwa juu, kutoka hawawezi. Ila wasitolewe mchana mbele ya wengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walivaa vinyago walipowakamata kunguru wa huko, na miaka kadhaa baadaye ndege hao bado walimpigia kelele yeyote aliyevaa kinyago kile. Mtegaji mwenye akili hukiendea kizimba giza likishaingia.