Tairi la inchi 26 ni lipi hasa?

Mtu akija kibandani akasema, "Fundi, nipe tairi la ishirini na sita," bado hajaniambia kitu ninachoweza kumuuzia. Yapo matairi ya aina tano yanayoitwa inchi 26, na kila aina ina ringi yake. Chukua la baiskeli ya milimani ujaribu kulivisha ringi ya ile baiskeli ya Kijapani ya mtumba yenye kikapu mbele: halitaingia hata ukilivuta kwa nguvu zako zote. Yote mawili yameandikwa 26. Hapo kosa si la mteja wala la mwenye duka. Kosa ni la hiyo inchi, na leo nataka tuiweke kando.

Chukua kitambaa chenye maji, futa vumbi ubavuni mwa tairi lako, kisha zungusha gurudumu taratibu. Karibu na maandishi makubwa ya inchi utakuta namba nyingine ndogo, ambazo wengi hawazitazami: tarakimu mbili, kistari, halafu tarakimu tatu. Kwa mfano 47-559, au 37-590, au 40-635. Huo ni mfumo wa ETRTO, shirika la Ulaya linaloweka viwango vya matairi na ringi, ambao sasa umo kwenye kanuni ya kimataifa ya ISO 5775. Namba ya kwanza ni upana wa tairi likiwa limejaa upepo, kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale ukingo wa tairi unapokalia, nayo pia kwa milimita.

Namba ya tarakimu tatu haina mjadala: lazima ya tairi na ya ringi zilingane kabisa. Ile ya tarakimu mbili ndiyo yenye nafasi ya kuchagua. Ukiyashika hayo mawili tu, hutauziwa tairi lisilokufaa.

Sasa, inchi ilituharibia wapi? Dunlop alipopata hataza ya tairi lake la upepo kule Belfast mwaka 1888, baiskeli zilikuwa zimeanza kuenea, na viwanda vikazoea kulihesabu gurudumu kwa kipenyo chake cha nje, yaani kutoka chini linapogusa barabara hadi juu kabisa. Inchi 28 ilikuwa inchi 28 kweli. Lakini kipenyo cha nje ni ringi ukijumlisha unene wa tairi mara mbili. Aliyetaka tairi nene zaidi bila kuzidisha zile inchi 28 alilazimika kupunguza ringi. Wafaransa wakaliwekea jambo hili herufi. Magurudumu yote ya 700 yalikusudiwa kufika karibu milimita 700 kwa nje: 700A lenye tairi jembamba lilikuwa na ringi ya 642, 700B likawa na 635, na 700C lenye tairi nene zaidi likashuka hadi 622. Kwa magurudumu ya 650, ambayo ndiyo inchi 26 za Kifaransa, A ni 590, B ni 584, C ni 571.

Mpango ulikuwa na akili. Ulivurugika pale watu walipobadilisha unene wa matairi huku ringi na jina vikibaki vilevile. Ringi ya 622 iliyotengenezewa tairi nene leo inavishwa tairi jembamba la mbio, la milimita 28. Jumlisha mwenyewe: 622, na 28, na 28 tena, unapata 678. Hizo ni inchi 26.7, na bado gurudumu hilo linauzwa kwa jina la inchi 28. Ringi hiyohiyo ya 622 ikivishwa tairi pana la milimani inaitwa inchi 29. Na baiskeli za mbio za zamani, zile za inchi 27, zina ringi ya 630, kubwa kuliko ya 28 hii na kuliko ya 29. Anayesikia hili kwa mara ya kwanza hukataa, kwa hiyo huwa namkabidhi futi apime mwenyewe.

Hapa Tanzania baiskeli inayofanya kazi nzito kuliko zote bado ni ile kubwa nyeusi yenye breki za vyuma: Phoenix, Hero, Avon, na Swala kwa wanaoikumbuka. Wakenya huiita Black Mamba. Shinyanga, Kahama, Tabora, utaikuta imebeba magunia ya mkaa, madumu ya maji au abiria. Tairi lake ni 28 x 1½, yaani 40-635, ile 700B ya Wafaransa. Mwenye baiskeli hii akienda mjini akaletewa tairi la "inchi 28" la baiskeli ya kisasa, 622, atarudi nalo kijijini bure. Na kuna wanaofikiria kubadili ringi yenyewe ili wapate uhuru wa kuchagua matairi. Wazo si baya, lakini breki za vyuma hukamata ringi kutoka upande wa ndani, upande wa spoki, na zimetengenezwa kwa ringi ya umbo lake na kipenyo chake. Ukileta ringi ya 622, sehemu ya kushikwa inasogea milimita sita na nusu kila upande na umbo lake si lile tena. Utabadili breki pia. Hesabu gharama yote kabla hujafungua spoki ya kwanza.

Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ni ukoo mwingine. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Marekani ilitoa baiskeli zenye tairi nene la 26 x 2.125. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, walizichukua baiskeli nzee za aina hiyo wakateremkia nazo njia za Mlima Tamalpais, na baiskeli ya milimani ikakua kutoka hapo pamoja na ringi yake ya 559. Ndiyo maana baiskeli nyingi za gia ulizozijua tangu ukiwa mdogo zinatumia 559. Zile mpya za inchi 27.5 zimerudi kwenye 584, ambayo ni 650B ileile ya Wafaransa.

Halafu ziko baiskeli za mtumba za Kijapani. Hizi nazipenda kwa uimara wake, lakini matairi yake yanahitaji macho. Ya inchi 26 huandikwa 26 x 1⅜, na namba yake ni 37-590. Ya inchi 27 huandikwa 27 x 1⅜, nayo ni 37-609. Hiyo 609 ni ya kuulizia mapema, kabla tairi halijaisha, kwa sababu ukisema "ishirini na saba" dukani utapewa 630 ya baiskeli ya mbio au 584 ya milimani. Ukinunua baiskeli ya namna hii, nunua na tairi la akiba siku hiyohiyo ukilipata.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazoefu. 26 x 1.75 na 26 x 1¾ kwa hesabu ya darasani ni kitu kimoja. Kwa tairi ni vitu viwili: la nukta ni 559, la sehemu ni 571. Kwa kawaida ukubwa ulioandikwa kwa nukta hauingiliani na ulioandikwa kwa sehemu, hata namba zikilingana. Baiskeli ya mtoto ya 20 x 1.75 ni 406, na ya 20 x 1⅜ ni 451. Inchi 16 ina 305 na 349. Inchi 24 ya baiskeli ya kijana ni 507, lakini viti vingi vya magurudumu hutumia 24 x 1⅜, ambayo ni 540. Hili la mwisho naliwekea mkazo kwa moyo wote. Mtu anayetegemea kiti chake kwenda kazini hastahili kusafirishwa mara mbili kwa tairi ambalo muuzaji angelitambua kwa kusoma ubavu wake. Ukitumwa kumnunulia, piga picha ile namba ndogo kwa simu uende nayo.

Namba zikitofautiana sana hakuna hatari, kwa maana tairi linakataa tu. Hatari ipo zikikaribiana. Tairi la 635 linaingia kwenye ringi ya 630. Tairi la 590 linaingia kwenye ringi ya 584. Linaingia kwa urahisi wa kufurahisha, unajaza upepo, linaonekana limekaa. Lakini ndani ya ukingo wa tairi mna waya, na waya huo hautanuki wala haupungui. Kazi yake ni kulibana tairi kwenye ringi wakati upepo unalisukuma litoke. Ukizidi ringi kwa milimita tano, hakuna kinachobana. Tairi litachezacheza, kisha siku moja, kwenye mteremko au juani baada ya kubana breki kwa muda mrefu, upande mmoja utachomoka, tyubu itapasuka kwa kishindo, na kama ni gurudumu la mbele mwendeshaji ataanguka. Kwa hiyo tairi jipya likiingia kwa vidole viwili bila ubishi wowote, livue usome namba upya.

Namba ikiwa imefutika, pima ringi. Wengine hupima kwa futi kutoka upande mmoja hadi mwingine kupitia ekseli, wakakosea kwa sababu ekseli inawasumbua katikati. Mimi hutumia utepe mwembamba wa plastiki wa kufungia katoni. Vua tairi na tyubu, uzungushe utepe pale hasa ukingo wa tairi unapokalia, si ndani ya bonde la katikati na si juu ya mdomo wa ringi. Weka alama panapokutana, uunyooshe sakafuni, upime. Gawanya kwa 3.14. Ringi ya 559 inakupa urefu wa karibu milimita 1,756. Ya 590 ni 1,854, ya 622 ni 1,954, ya 635 ni 1,995. Namba hizo zimeachana vya kutosha kiasi kwamba hata ukikosea milimita chache bado utajua uko wapi. Rudia mara mbili.

Tukishamaliza tarakimu tatu, ndipo tuzungumze upana, na hapa watu huogopa bila sababu. Imani ya zamani ni kwamba tairi jembamba lililojazwa likawa gumu kama chuma ndilo jepesi kuendesha. Kwa presha ileile, tairi pana huviringika kwa wepesi zaidi, kwa sababu sehemu yake inayogusa ardhi ni fupi na pana, na ubavu unakunjika kidogo kila mzunguko. Waendeshaji wa mbio za kulipwa, ambao kwa miaka mingi walitumia milimita 23, wamehamia 28 na zaidi kwenye lami nzuri. Kwenye changarawe na makorongo yetu faida ni kubwa zaidi, maana kila mtikisiko unaokupiga mgongoni ni nguvu zako zinapotea.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchukua tairi pana kadiri baiskeli inavyoruhusu, nikisisitiza hilo neno kuruhusu. Angalia mapengo kwenye foku, kwenye fremu nyuma ya kranki, na chini ya madigadi. Bakiza milimita 4 kila upande, na 6 kama unapita kwenye tope la mfinyanzi linaloganda. Angalia na ringi: ikiandikwa 622x19, ile 19 ni upana wake wa ndani, na tairi la kati ya 28 na 47 litakaa vizuri. Tairi pana mno kwenye ringi nyembamba hulala ubavu ukikata kona. Jembamba mno kwenye ringi pana huacha mdomo wa ringi ukipigwa na mawe.

Presha nayo hufuata upana. Mvutano unaolielemea tairi hufuata upana mara presha, ndiyo maana tairi la milimita 25 linaweza kuandikiwa bar 7 (bar ni kipimo cha presha) na la 50 likaandikiwa nusu yake, na kazi inayofanywa na nyuzi za tairi ikawa sawa. Usichukue presha ya tairi lako la zamani ukaijaza kwenye pana zaidi. Soma kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, ukijua bar 1 ni 14.5 kwa PSI, kipimo kingine cha presha. Mbeba mzigo akaribie kiwango hicho nyuma, mbele apunguze. Asiye na mzigo apunguze kote. Na kwa wenzangu wa Dodoma na Singida: mbigili haijali upana. Tafuta tairi lenye tabaka la kinga chini ya kashata, yaani meno yanayogusa barabara, hata likiwa zito.

Tyubu ina huruma kuliko tairi kwa sababu inatanuka, na tyubu moja iliyoandikwa 622/635 inahudumia baiskeli ya kisasa na Phoenix. Cha kuangalia ni valvu. Valvu nyembamba ya baiskeli za mbio hupita kwenye tundu la milimita 6.5. Valvu kama ya gari, na ile ya kawaida ya baiskeli zetu yenye kimpira ndani, zinataka tundu la 8.5. Ukiweka nyembamba kwenye tundu kubwa, itacheza hadi ikatike shinani, kwa hiyo omba kikombe chake cha kuzibia pengo. Kutoboa ringi nyembamba ili valvu nene ipite ni kitu ninachokikataa hata mteja akisisitiza, kwa sababu ringi yenye upana wa ndani wa milimita 13 au 15 haina chuma cha kupoteza mahali hapo.