Kisinhala kwa sikio la Mswahili

Tamka neno *kanda*, kama mtu anayekanda unga. Umeshasema Kisinhala: hilo ni shina la mti. Rudia tena, safari hii uivute ile *n* kabla ya kufikia *d*: *kannda*. Sasa umesema kilima. Mimi ni mtu wa fonetiki, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya niipende lugha hii. Wageni wengi hawaisikii kabisa. Sisi nusu yake tunayo tangu utotoni.

Kisinhala ni lugha ya mama ya watu wapatao milioni 16 nchini Sri Lanka. Ukoo wake ni mmoja na Kihindi na Kibengali, ila jirani zake, Watamil wa ng'ambo ya bahari na wa humo kisiwani, husema lugha ya ukoo mwingine kabisa. Ndugu yake wa karibu ni Kidivehi cha Maldives. Kwa hiyo kimekulia mbali na nduguze, kikichota kwa majirani: dada mkubwa ni *akka*, kama kwa Watamil.

Herufi zake ni viduara na vipindo vitupu. Zamani waliandika kwenye majani makavu ya miti ya jamii ya mivumo, wakichora kwa kalamu ya chuma, kisha wakipaka masizi na mafuta ili maandishi yaonekane. Mstari ulionyooka ungefuata nyuzi za jani na kulipasua. Kipindo hupita salama.

Halafu wakaja Wareno, mwaka 1505. Meza kwa Kisinhala ni *mesaya*, na leso ni *lensuva*. Hatukuazimana sisi na wao. Maneno hayo yalishuka kwenye merikebu zilezile, kwao na kwetu.

Lugha hii ina majeraha pia. Sheria ya 1956 ilikifanya kuwa lugha rasmi pekee, na Watamil waliumia sana. Kitamil nacho kilifanywa lugha rasmi kwa marekebisho ya katiba ya 1987. Anayejifunza Kisinhala asiliruke jambo hili.

Ukitaka kuanza, anza na cha mdomoni. *Mama yanava* ni "mimi naenda" (ndiyo, *mama* ni mimi), *api yanava* ni "sisi tunaenda": kitenzi hakibadiliki. Vitabuni utakuta *mama yami*, *api yamu*. Hayo yasubiri.